Sikutaka Nassor Awe Wakili wa Ndoa Yangu

Nimekosa, na sina wa kumlaumu. Mwanamke niliyekuwa nimuoe nimempoteza kwa mdomo wangu mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya baba yake. Nyumbani Malindi bado nawaambia harusi imeahirishwa tu. Ukweli nawapa ninyi msionijua.

Nakagua mizigo kwenye ghala huko Jebel Ali, Dubai, nalala Discovery Gardens, chumba cha watu wanne. Rukia nilimjua dukani alikokuwa akiuza mabuibui. Kwao ni watu wa Unguja waliohamia Dubai tangu enzi za babu yao. Nilipeleka posa mara mbili. Mara ya kwanza baba yake alinikatalia, akasema hanijui mimi wala ukoo wangu. Mara ya pili akakubali, na sikuuliza kilichombadilisha. Nilidhani ni uzuri wangu, mjinga mimi.

Ikabaki kuandikisha ndoa mahakamani. Mzee ndiye walii wa kumwozesha, lakini alikuwa ameteleza bafuni akavunjika nyonga, hata kukaa hawezi. Rukia hana kaka. Ikabidi mzee aandike karatasi ya kumteua wakili, yaani mtu wa kusimama badala yake na kumwozesha binti yake, na notari aje nyumbani kuithibitisha. Huku wapo manotari wa namna hiyo, wanakufuata na kompyuta yao na mhuri hadi kitandani.

Nikamuuliza Rukia nani atakuwa wakili.

"Nassor," akanijibu huku anakunja nguo.

Nassor! Jirani yao anayekaa ghorofa ya chini ya kwao, pale Al Jaddaf. Huyo huyo aliyewahi kumposa Rukia, Rukia akamkataa. Sasa ana mke na watoto wawili, na ndiye anayemletea mzee dawa. Mwenye akili zake angeshukuru.

Mimi roho iliniuma. Nilijiona mbele ya kadhi, nimeshikana mkono na yule bwana, yeye anasema nakuozesha, mimi nasema nimekubali, kama vile ananigawia kilichokuwa chake.

"Hakuna mwanamume mwingine Dubai nzima?"

"Baba anamwamini. Kwani una nini na Nassor?"

"Sina kitu."

Nilikuwa nacho, tena kimenijaa hadi kooni. Siku zile kila nikienda kwao nilimchunguza. Anajua glasi zinakaa kabati gani. Anamwita Rukia "Ruki". Anaingia bila kuonyeshwa pa kuweka viatu. Yote hayo niliyameza kama sumu.

Notari alikuja asubuhi, bwana mmoja mpole wa Kisudani. Akakaa kando ya kitanda, kompyuta mapajani. Nassor alikuwa ameshuka kwake kuchukua kitambulisho, Rukia yuko jikoni anachemsha chai. Nikamwinamia mzee sikioni.

"Mzee, samahani. Nassor anakunywa pombe. Nimemwona kwa macho yangu."

Uongo mtupu. Hata sigara sijawahi kumwona nayo.

Mzee akageuza uso ukutani. Notari akamuuliza kwa Kiarabu kama waendelee.

"Khalas," mzee akasema. "Leo hatuandiki kitu."

Notari akafunga kompyuta yake, kwa maana mwenye kuteua akisita, yeye hapigi mhuri. Nassor akarudi na kitambulisho mkononi, akaambiwa itakuwa siku nyingine. Wallahi nilifurahi. Nilijua watamtafuta mtu mwingine, na mimi nitaoa moyo wangu ukiwa mweupe.

Baada ya siku mbili mzee akaniita. Rukia alikuwa amesimama mlangoni.

"Mwanangu, wajua kwa nini nilikukubali mara ya pili?"

"Sijui, mzee."

"Nassor alikuja hapa kukuombea. Kaenda kazini kwako, kaenda msikitini kwenu, kauliza habari zako. Kaja kanambia, huyu kijana safi, muozeshe. Leo weye waniambia Nassor mlevi. Ikiwa mlevi, basi maneno yake juu yako nayatupa. Ikiwa si mlevi, weye muongo. Hebu niambie, nishike lipi?"

Rukia akauliza polepole, "Ulimwona wapi?"

Ningeweza kutaja mahali popote. Nilipomtazama nikashindwa.

"Sikumwona."

Hakupiga kelele. Alisema, "Nassor umemsingizia pombe kwa sababu aliniposa zamani. Mimi ukiniona nacheka na mteja dukani, utanisingizia nini?" Akaingia ndani. Mpaka leo hajapokea simu yangu.

Juzi nilijikaza nikaenda kumwomba Nassor radhi. Alinikaribisha, mkewe akaniletea juisi, na mimi uso siwezi kuuinua.

"Nilishakusamehe," akaniambia. "Nilipanda tena kwa mzee kukuombea, lakini safari hii kakataa katakata."

Alipanda tena, baada ya niliyomfanyia. Nililia kwenye lifti kama mtoto.

Wewe unayesoma hapa, huenda kuna mtu anakuchoma roho kwa sababu tu alimpenda mkeo au mchumba wako kabla yako. Nakusihi ufunge mdomo. Huwezi kujua anakusema vipi ukiwa hupo. Mimi wangu alikuwa akinisema vizuri, na hakuna mwingine katika mji huu aliyekuwa akinisemea.