Sumu Iliyoua Ng'ombe wa Ndugu Yangu

Mimi shule niliacha darasa la tatu, mwalimu alikuwa anachapa watoto kama anapura maharagwe, kwa hivyo hii ya mashine naandika vile binti yangu aliniambia. Yeye anafanya kazi maabara. Mashine yake inagonga dawa na elektroni mpaka inapasuka, kisha inapima uzito wa vipande. Kazi yake ni kujua kila kipande kilitoka wapi, na kilivunjikaje.

Ng'ombe wa ndugu yangu mdogo alikufa hapa Wamagana akitoa povu. Ndugu yangu hakuuliza mtu. Jirani alikuwa amepiga kahawa dawa asubuhi hiyo, basi alimfuata huko na panga, akamkata vidole viwili. Damu ilirukia majani yakiwa bado na dawa.

"Akitoka hospitali namalizia shingo," alisema.

Binti yangu alikuwa amebeba uchafu wa tumbo la ng'ombe kuupima maabara. Akaja akasema, "Kuna kipande cha fosforasi. Lakini dawa ya kahawa na dawa ya kupe, zote zikivunjika zinatoa hicho."

"Basi ni ya kahawa." Ndugu yangu alikuwa ananoa panga.

"Baba mdogo, ngoja. Bado sijajua kilivunjikaje."

Mtu mwingine angetemewa mate. Lakini huyu msichana amebeba jina la mama yetu, na ndugu yangu humwita mama. Hajawahi kumkataa.

"Haya mama, nangoja. Hata panga inangoja."

Hapo katikati alipiga mbwa, akapiga mlango, akanipiga mimi ngumi ya sikio. Mpaka leo linalia.

Msichana akarudi, akachora na kidole mezani. "Kile kidogo kinatoka kwa zote mbili. Haidrojeni inaruka kutoka mkono mmoja wa dawa, inashika pengine, ndio mkono unakatika. Lakini nimepata kingine kizito, kilichobaki baada ya klorini kung'oka. Dawa ya kahawa haiwezi kuvunjika ikaacha hicho. Ni ya kupe." Akamwangalia. "Baba mdogo, ng'ombe ulimnywesha na ndoo gani?"

"Si ndoo ni ile moja," akasema. Ile ya kuchanganyia dawa ya kupe.

Akaacha panga hapo, akaenda kwa jirani. Mke wa jirani alimpokea na mpini wa jembe, mdomoni, kisha mgongoni. "Rudisha vidole! Rudisha, mbwa wewe!" Ndugu yangu hakuinua mkono. Mimi nilisimama kwa lango, nikangoja mama huyo achoke.