Waya wa Dishi Juu ya Mnara

Mfugaji mmoja alinivunja mkono na kuning'oa meno mawili kwa fimbo, nami nilistahili.

Nilikuwa fundi wa redio ndogo pale Mandewa. Mvua iliharibu kipande cha waya unaopeleka nguvu kutoka kwenye mtambo hadi kwenye antena juu ya mnara. Waya wenyewe ulipaswa kuagizwa Dar es Salaam. Sikutaka kungoja. Nikaunga kipande cha waya wa dishi la televisheni, nikazungushia selotepu. Haukulingana na mtambo wala antena. Nguvu ilipanda, ikafika kwenye kile kiungo, sehemu yake ikarudi chini. Mtambo ukajipunguza nguvu wenyewe usiungue, na matangazo yakawa hayafiki mbali. Mita ilinionyesha yote. Lakini mjini tulisikika vizuri, basi nikanyamaza.

Siku ya tatu mtangazaji alisoma tangazo la kifo. Mama mmoja wa Mwankoko amefariki; mwanawe aliyeko Iguguno awahi, mazishi ni kesho alasiri. Simu ya huyo mwana ilikuwa haipatikani, ndugu zake wakaitegemea redio. Tangazo likarudiwa mara nne.

Huyo mwana, ndiye yule mfugaji, alikuja kituoni kwetu siku mbili baada ya mazishi. Hakubisha hodi.

"Fundi ni nani?"

"Ni mimi, kaka. Karibu."

Fimbo ya kwanza ilinipata mdomoni. Ya pili niliikinga kwa mkono, nikasikia mfupa ukikatika. Nilipoanguka akanipiga mateke ya mbavu, huku akilia.

"Redio niliiwasha kutwa nzima! Inakoroma tu! Mama yangu kafukiwa bila mimi!"

Mlinzi wa kituo alipomshika kwa nyuma, alipigwa kichwa cha pua, damu ikatapakaa ukutani. Ilibidi watu wanne wamlaze chini.

Polisi walinikuta hospitali. Nikawaambia sifungui kesi. Mlinzi naye, baada ya kunitukana sana, akakubali yaishe.

Waya halisi ulipofika, fundi mwenzangu alipanda mnara, mimi nikabaki kwenye mita, mkono ukiwa na plasta. Mshale wa nguvu inayorudi ukashuka, ukalala karibu na sifuri. Kesho yake nikapanda gari hadi Iguguno.

Nilimkuta nyumbani kwake, nikamweleza habari ya ule waya, na kwamba nilijua tangu siku ya kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanizaba kofi, masikio yakavuma.

"Hilo ni la mama," akasema. Akavuta kigoda kwa mguu. "Sasa kaa."

Nikakaa.