Malaika Wawili wa Mama Pindo

Mwanga wa asubuhi unapita dirishani na kutua juu ya cherehani kama paka aliyeizoea nyumba. Mama Pindo bado hajakanyaga pedali. Amemkunjua malaika mapajani, anamtazama.

Ni pazia la kanisa, la Pasaka: kaburi wazi, jiwe pembeni. Malaika mmoja amekamilika kwa uzi wa dhahabu. Wa pili bado ni chaki tu, ukimpuliza anaondoka.

"Nimekwama hapo," anasema fundi huyu, aliyepewa jina hilo kwa sababu pindo lake halifumuki. "Ndugu zangu hawaniachi nipumue."

Dada yake mkubwa alikuja na Mathayo na Marko: malaika mmoja. "Huyo wa pili umemtoa wapi, kwenye masalia ya vitambaa?" Kitinda mimba akaja na Luka na Yohana. "Ni wawili, dada. Usinibanie kitambaa."

Walikuja siku tofauti. Hawasemeshani tangu msiba wa mama yao. Mkubwa anasema mama aliondoka kimya, hakutoa neno. Mdogo anasema alinong'ona, "Nifungulieni dirisha." Wakaitana waongo mbele ya watu wa msiba.

Mama Pindo alikuwa safarini, hakuwahi. "Saa ya mwisho ya mama ninayo kwa vinywa vyao tu," anasema taratibu, sindano imesimama hewani. "Nikimkataa mmoja, nampoteza mama nusu."

Anainua gauni la mteja, bado vipande. "Mbele na nyuma, ona, havifanani hata shingo. Ukilazimisha vifanane, mvaaji hapumui."

Kisha siku moja, baada ya asubuhi ile, akisoma Yohana ili amalizie ile chaki, akakuta malaika mmoja ameketi kichwani na mwingine miguuni, pale mwili ulipokuwa umelazwa. Uzi ukamponyoka. Miezi yote hiyo alikuwa akiwauliza mama alisema nini. Hakuwahi kuuliza walikaa wapi.

"Miguuni, mdogo wangu," mkubwa alimjibu. "Nilikuwa namkanda, miguu ilishapoa."

"Kichwani," alisema mdogo. "Nilimtegea sikio mdomoni."

Mama Pindo akamwambia kila mmoja mwenzake alikaa wapi. "Basi. Mengine nikayaacha. Haya hayashonwi kwa pupa."

Sasa anamshona malaika wa pili kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Ukisimama huku, unamwona mmoja. Ukisogea kidogo, mwanga ukamlalia, wa pili anajitokeza, kana kwamba alikuwa anakungoja.

Pazia ni refu, halitundikwi na mtu mmoja. Amewaomba ndugu zake wote wawili washike, mmoja huku, mwingine kule, yeye apande ngazi. Kila mmoja anajua mwenzake ameitwa.

Mdogo ameitikia. Mkubwa aliuliza kwanza.

"Aliniuliza kitu kimoja tu," anasema Mama Pindo, na mguu wake unaigusa pedali. "Kama dirisha la kule kanisani linafunguka. Nikamwambia, linafunguka, dada. Njoo."