Maji ya Rejeta

Audace alikuwa fundi wa gereji mtaani Gatsata kwa miaka ishirini na miwili, na mkono wa gereji haukumtoka hata alipoajiriwa kutunza mtambo wa maji moto katika nyumba moja ya wazee huko Kanombe. Mtambo wenyewe si mgumu: pampu ndogo husukuma maji hadi kwenye sola za paani, yanarudi ya moto, yanapita kwenye bomba la shaba lililojikunja ndani ya tangi na kupasha moto maji ya bombani. Aliyeufunga alimwonya kwamba pampu ile hutiwa maji safi tu, au dawa yake maalumu isiyo na sumu.

Maji matupu! Fundi gani wa Gatsata atatia maji matupu kwenye chombo anachokipenda? Audace aliona huo ni ushamba. Mwaka wake wa tatu pale akatia maji ya kijani ya rejeta ya gari, yale ya kupoza injini, lita kumi bila kuyachanganya. Pampu ikazunguka bila kelele, naye akatamba miezi mitano.

Asubuhi moja bibi Mukasine, aliyezoea kukinga maji ya bomba lile kwa chai yake, akamwita kutoka barazani.

"Audace, mwanangu, maji yako ya leo iko tamu. Uliweka sukari?"

Utamu ule Audace aliujua. Mbwa wa gereji walikufa kwa kuulamba. Shaba ilikuwa imetoboka. Angenyamaza, kazi ingebaki yake na uzee ungepewa lawama. Alisimama kidogo akiwaza hilo, Mungu amsamehe, kisha akamkimbilia mtawa msimamizi.

"Masera Illuminée, ni mimi. Niliweka sumu mu pampu, imeingia kwa maji. Mama Mukasine amekunywa."

Daktari alisema ukweli ule ndio uliomwokoa bibi. Figo zilipona nusunusu. Audace alifukuzwa siku ileile, na hakulalamika.

Wiki ya nne alimtembelea bibi na chai aliyoipika mwenyewe. Akamimina, akampa kwa mikono miwili. Mukasine alikipokea kikombe, akakitazama. Kwao anayekupa kinywaji huonja kwanza, ujue hakina sumu. Lakini hayo hufanyiwa wageni, si mtu wa nyumbani, na kwa miaka mitatu ya kujuana kwao bibi hakuwahi kumdai aonje.

"Onja kwanza," alisema, akimrudishia.

Audace akanywa hadi nusu. Alipokinyoosha tena kikombe, mikono ya bibi ilikuwa imeshaingia ndani ya kitenge.