Ndege Iliyofungwa kwa Samli

Sifa zote ni zake Mola, awashikaye ndege angani bila kamba wala nguzo, aliyenipa umri wa kuukumbuka upumbavu wa wakubwa bila kinyongo kingi.

Zama za Mdachi, reli ilipokwisha kufika Dodoma, ililetwa ndege ya mbao na kitambaa ndani ya behewa. Hatukuiona ikiruka. Bwana Shauri, mkuu wa boma, alitaka itundikwe katika ghala la stesheni, watu waitazame kutoka chini na kuuogopa ufalme wake. Kana kwamba kiboko hakikuwa kimetutosha.

Minyororo ilikuwapo, lakini alisema ni ya mizigo. Basi vibarua wa Kigogo wakaifunga kwenye maboriti kwa kanda za ngozi mbichi ya ng'ombe, kama wafungavyo miti ya tembe zao. Ngozi ilipokauka ilikaza, ndege ikatulia.

Ubaya aliuleta akida, mtu wa pwani aliyewasimamia wenyeji kwa niaba ya Wajerumani. Alizitazama zile kanda kavu akaona hazina heshima. Akaamuru zipakwe samli zing'ae mbele ya wageni, kama vijana wa huku wajipakavyo mafuta siku ya ngoma. Zikapakwa tele. Chini ya bati na jua la Dodoma, samli ikapenya mpaka ndani ya mafundo.

Siku ya maonyesho akida alitandika mikeka chini ya ndege, akaniamuru niwaketishe hapo wanafunzi wangu wa chuo cha Kurani wamwimbie Bwana Shauri. Kiti chake akakiweka mbele yao. Nilitazama juu. Fundo la mbele lilikuwa limeteleza, pua ya ndege imeinama.

"Akida, watoto wakae ukutani."

"Mwalimu, unaogopa kitambaa?"

"Naogopa fundo lenye samli."

"Wewe kazi yako alifu na bee. Mambo ya Wazungu tuachie tunaoyajua."

Aliyoyajua ya Wazungu ni kuvaa viatu vyao.

Alasiri ilikuwa imeingia, nikawainua watoto twende tukaswali. Kunizuia mbele ya Waislamu wenziwe hakuthubutu.

"Nawe twende, akida."

"Tangulieni. Mimi nitailipa sala baadaye."

Alichelea mtu mwingine asije akakaa karibu na Mzungu.

Tulikuwa rakaa ya pili, uani mwa ghala, tuliposikia mbao zikivunjika. Sikuikata sala. Tulipotoa salamu nilikwenda, nikaikuta ndege imeanguka kwa pua. Vipande vya mbao vimeitoboa mikeka pale pale walipoketi watoto. Akida alikuwa akitambaa kutoka chini ya bawa, mzima, ndevu zimelowa samli, na askari wametazama pembeni wasicheke.

"Nani aliyefunga?" akauliza Bwana Shauri, ndio kwanza anaingia.

"Sisi, bwana," akajibu kibarua mmoja. "Lakini mafuta, muulize mwenye mafuta."

Ndege ikasimamishwa sakafuni kwa magurudumu yake, na hapo ndipo watu walipoiona vizuri. Akida alitangaza mjini kwamba alibaki ili ailinde. Mimi niliwatazama wanafunzi wangu mmoja mmoja, hakuna aliyechubuka hata ukucha, nikarudi uani nikasujudu tena pale pale mchangani.

Nawe unayesoma, Mola akukinge na amri za wajinga, akupe sababu njema ya kuondoka mapema, na wanao awarudishe nyumbani salama. Amina.