Birika Anayesema Pole

Saa moja kasorobo asubuhi, kabla makarani hawajaanza kupanda ngazi, mwanamke wa miaka hamsini na minne anakamua tambara la deki, analitundika ukingoni mwa ndoo, anafuta mikono kwenye aproni, kisha anaingia stoo na kufunga mlango.

Stoo yenyewe imejaa mablanketi. Yametundikwa ukutani, yametundikwa mlangoni, na moja limetandazwa juu kuzuia mwangwi. Katikati kuna kiti cha plastiki na maikrofoni.

"Magoti haya jamani," anasema akikaa.

Kijana aliyevaa visikizio anainua kidole gumba. "Mama, hiyo tunaichukua."

"Ipi?"

"Hiyo ya magoti."

"Haya, chukueni. Na maumivu yake mchukue."

Kijana ni fundi sauti. Mwanamke ni mfagizi wa jengo zima: ghorofa nne, vyumba kumi na vinne, vyoo sita, mwaka wa kumi na tisa sasa. Jengo zima linamwita Mama Deki, naye ameliitikia jina hilo kwa muda mrefu hivi kwamba juzi, akijaza fomu ya likizo, nusura aliandike.

Lakini kuna watu wengine, zaidi ya elfu arobaini kwa hesabu ya vijana wa ghorofa ya tatu, ambao hawajawahi kumwona na wanamjua kama Birika.

Vijana hao wako wanne na wanatengeneza magemu ya simu. Gemu lao la kwanza linamhusu tarishi mdogo anayepeleka barua katika nchi ambayo madaraja yake yote yamevunjika. Nyuma ya tarishi linafuata birika la chai, kuukuu, lenye miguu mitatu na mfuniko uliofungwa kwa kamba.

Birika hapigani. Hana upanga, hana uchawi, hana lolote. Akipanda ngazi anahema, akikimbia mfuniko unagonga, na kila baada ya muda lazima tarishi asimame amsubiri. Kwa maneno mengine, ni mzigo mtupu.

Basi huyo mzigo ndiye kipenzi cha watu. Tarishi mwenyewe, shujaa wa hadithi, hana anayemuulizia. Birika anachorwa kwenye madaftari, anashonwa kwa vitambaa, na kuna bwana mmoja aliyewatumia vijana picha ya keki ya harusi yake, Birika kasimama juu kabisa, mahali pa bibi harusi.

Kisa ni neno moja. Tarishi akitumbukia shimoni, na atatumbukia tu maana gemu ni gumu, hakuna maandishi mekundu ya kukutangazia aibu yako. Birika anachungulia ukingoni, mfuniko unaning'inia, anasema: "Pole. Umeumia? Haya, tuinuke."

Ni pole hii hii tunayogawiana kutwa. Anayejikwaa anapewa, aliyefiwa anapewa, mwenye mafua, mwenye mzigo, anayetoka kazini. Haina bei na hatuisikii tena tunapoitamka.

"Lakini lini umeambiwa pole na mashine?" anauliza fundi sauti. "Mashine ya benki ikimeza kadi yako, inakwambia pole? Simu ikikuzimikia katikati ya maneno, inakwambia pole? Hata magemu tunayocheza sisi, ukianguka unachekwa. Sasa birika bovu tu linakuuliza kama umeumia. Mtu mzima analia."

Na anaomba tuitazame ile "tuinuke". Aliyeanguka ni wewe. Yeye Birika yuko juu, mzima, hana hata mkwaruzo, lakini anajihesabu naye yumo shimoni. Hivyo ndivyo mama anavyomwambia mwana mwenye homa, tunywe dawa, tulale, wakati anayekunywa ni mmoja.

Barua pepe zinaingia kila siku. Mlinzi mmoja wa geti aliandika kwamba watu mia tatu humpita kwa siku na wachache humsalimu. Akimaliza zamu humwangusha tarishi mara moja, makusudi, apewe pole ya kazi, ndipo aende zake. Vijana walipochunguza wakakuta hayuko peke yake. Watu wanajirusha mashimoni kwa hiari yao.

Mwenyewe Mama Deki hajawahi kuvuka daraja la kwanza. Vidole vyake, anasema, vimezoea ufagio, vitu vidogo vinamkimbia. Huanguka pale pale, husikia sauti yake mwenyewe ikimpa pole, naye hujibu kwa adabu: "Nimeshapoa."

Sasa cha kushangaza ni kwamba hakuna aliyeiandika hiyo pole. Ilitokana na kosa.

Miaka miwili iliyopita, mwigizaji aliyetakiwa kuwa sauti ya Birika aliamka hana sauti kabisa. Vijana wakajaribu wenyewe, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akasikika kama kijana anayejifanya bibi. Mama Deki akaingia kuchukua vikombe vichafu.

"Mama, hebu tusomee hapa kidogo."

Alisoma akiwa amesimama, vikombe vinne mkono mmoja. Akasoma salamu ya Birika, akasoma malalamiko ya ngazi, vijana wakawa wanatazamana. Akafika mstari wa kuanguka. Karatasi ilisema: "Umeshindwa! Rudi mwanzo."

Akaishusha karatasi.

"Huyu mtoto si ameanguka?" akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Halafu mimi nimwambie ameshindwa. Kwani nina wazimu?"

Dada aliyeandika hadithi akamweleza kwa upole kwamba magemu yote ndivyo yalivyo. Mama Deki akakubali, maana ni mtu msikivu. Akakohoa, akashika karatasi vizuri, akasema: "Pole."

Wakarudia. Fundi sauti bado anazo zile rekodi, kumi na moja kwa jumla, na alitusikilizisha. Katika ya nne anaanza, "Ume—", kimya, halafu "pole, umeumia?" Katika ya tisa anacheka na kuomba radhi. Katika ya kumi na moja hacheki tena. Kuna pumzi ndefu, vikombe vinagongana, basi.

"Tulidhani mdomo umezoea," anasema fundi sauti. "Unajua wazee wetu, ukidondosha hata kijiko wanakupa pole. Tukasema tuache hivyo hivyo, na kusema kweli tulikuwa tumechoka. Hatukujua kama tumeokota dhahabu."

Walimlipa kiasi cha mshahara wa miezi miwili na jina lake likaandikwa mwisho wa gemu, jina lake halisi, ambalo yeye ameliomba gazeti hili lisilirudie.

Ukweli wa rekodi ya kumi na moja Mama Deki hakumwambia mtu. Alituambia sisi katika chumba cha chai, baada ya kufunga mlango na kupangusa meza ambayo tayari ilikuwa safi.

Ana mtoto mmoja tu, binti. Binti alikuwa akisomea uuguzi katika mji mwingine, na mama, aliyeachiwa mtoto angali mgongoni, alimsomesha kwa ufagio. Miaka mitatu iliyopita, mchana wa saa nane, binti alitokea mlangoni na begi lake. Alikuwa amefeli mtihani wa mwisho.

"Nilikuwa nafua. Mikono ina povu. Akasimama pale akanieleza, nami nikamtazama, nikamwambia, 'Umeshindwa. Nilijua.'"

Anapangusa tena meza ile ile.

"Fundi wa jirani alijigonga kidole na nyundo asubuhi ile ile, nikampa pole toka ng'ambo ya ukuta, simjui hata jina. Wa kwangu mwenyewe, wa tumboni, nikamnyima."

Kinyozi hajinyoi, Waswahili wameshasema, lakini hii ilizidi. Binti alilala nyumbani siku nne bila neno, ya tano akaondoka. Alirudi katika mji ule ule, akapata kazi kwenye duka la vitambaa. Tangu hapo salamu zimekuwa zikipitia kwa mama mdogo, mdogo wake Mama Deki: hajambo, anakusalimu, hapana, hajasema atakuja lini.

"Kwa hiyo waliponipa ile karatasi," anasema Mama Deki, "nikaliona neno lile lile, limeandikwa kwa wino. Sikuweza. Hata wangenipa mshahara wa mwaka, ulimi ungekataa."

Wiki iliyopita fundi sauti alikuwa akimsomea barua za wachezaji, kama afanyavyo kila Ijumaa wakati mama akifuta madirisha. Alisoma ya mwanafunzi, akasoma ya dereva, akafika kwenye moja isiyo na jina. Tunainakili kwa ruhusa ya aliyeandikiwa:

"Birika, nimecheza wiki mbili. Gemu linasema nimeanguka mara mia mbili na kumi na nne, na kila mara umeniambia pole. Nilipokuwa mlangoni na begi uliniambia neno lingine. Hizi pole zote ni za tarishi. Na mimi je?"

Fundi sauti alicheka kidogo akidhani ni utani, akataka kuendelea. Mama Deki akasema, "Rudia hiyo." Akarudia. Kisha mfagizi, ambaye kwa miaka yote hiyo hajawahi kukalia kiti cha ofisi ya ghorofa ya tatu, akavuta cha karibu akakaa, na kitambaa cha dirisha kikamdondokea miguuni.

"Nilimwona anatikisika mabega," anasema fundi sauti. "Mimi mwenyewe nimeondokewa na mama. Sikuuliza kitu. Nilimwambia tu, pole Mama. Akaanza kulia kwa sauti."

Alipoelewa kwamba barua ni ya binti wa Mama Deki, kijana alifanya kile anachokijua. Akawasha maikrofoni. Akamwambia waingie stoo sasa hivi, warekodi dakika moja tu, waitume, jioni hiyo hiyo binti ataisikia, safi, bila kelele za barabarani.

Mama Deki alikataa.

"Mwanangu, pole ya mashine ameshapewa mia mbili na kumi na nne, na bado anadai. Hii itakwenda kwa miguu."

Siku hiyo hiyo alishuka kwa msimamizi wa jengo kuomba ruhusa ya siku mbili. Msimamizi, mtu wa maneno machache, alifungua faili lake, akalipekua mbele na nyuma, akamuuliza kama fomu zake za likizo zimepotea. Hazikupotea. Hajawahi kuomba. Akapewa wiki nzima, inayoanza Jumatatu, na vijana wa ghorofa ya tatu wameapa kufagia wenyewe, jambo ambalo Mama Deki analiogopa kuliko safari.

Mama mdogo ndiye aliyempa ramani ya kufika: mtaa, rangi ya geti, mlango wa tatu. Pia alimpa ushauri ambao hakuombwa. Alimwambia dada yake asijichoshe, maji yakimwagika hayazoleki.

"Nikamwambia, kwako wewe labda," anasema Mama Deki. "Hayazoleki, ndiyo. Lakini yanadekiwa. Ungekuwa unajua kazi yangu ungenyamaza."

Binti amepewa taarifa. Kwa maelezo ya mama mdogo, hakusema karibu na hakusema asije. Alisema tu, "Nimesikia."

Huku stoo, kazi ya leo imekwisha. Kwa ajili ya gemu la pili Birika amehema, amepiga chafya, ameteta na mbuzi. Fundi sauti anakunja nyaya. Nje makarani wameanza kupanda, na mmoja tayari amekanyaga sakafu mbichi na kuacha nyayo hadi mlangoni kwake. Mama Deki anaziangalia, anachukua tambara, anazifuta akirudi kinyumenyume.

Tunamuuliza amepanga kusema nini.

"Nilianza kupanga. Nikajikuta narefusha: unajua mwanangu, siku ile nilikuwa nimechoka, ada ilikuwa imenitoa jasho. Nikaona hapo najitetea. Nimeacha. Nitasema nilikukosea, na pole. Akitaka kunigombeza, anigombeze, nimekwenda kwa ajili hiyo pia."

Begi ameshafunga, ingawa leo ni Alhamisi. Ndani kuna nguo mbili, sabuni, na viatu vya binti vya mazoezi ya uuguzi, vyeupe, ambavyo vilibaki chini ya kitanda na ambavyo amekuwa akivisafisha kila mwezi bila kujua kwa nini. Hatamwambia arudie mtihani. Atavitoa tu, na kama binti atavitaka, ni vyake.

Na kama hatafungua mlango?

Mama Deki anakamua tambara, anafikiri.

"Atafungua. Duka lao linaanza saa mbili, lazima atoke. Mimi saa moja nitakuwa nimeshakaa hapo nje. Akitoka nitampa pole yake, na kama ana haraka, nitamsindikiza mpaka kazini."