Mama Anampikia Nani?

Jumamosi ile nilipanda basi hadi Brooklyn Center kumwona anti, muuguzi Mxhosa anayefanya kazi na mama hospitalini. Jumatatu ningesimama mbele ya darasa la isimu, na sikuwa na mtu mwingine wa kunikagulia sentensi zangu za Kixhosa. Bila yeye sikuwa na la kusema. Mwalimu alitufundisha kwamba shamirisho hudaiwa na kitenzi, ilhali chagizo ni nyongeza tu. Ukiiondoa, sentensi haidhuriki. Mimi siamini kanuni kabla sijaisumbua.

Mama alinionya nikitoka. "Usiingie kwa mtu na maswali mkononi. Kaa, ule, ndipo uulize."

Nilikaa kidogo. Anti alikuwa jikoni akikata nyama, nami nikafungua kompyuta na kumsomea, "*Umama upheka inyama.* Mama anapika nyama. Ni sawa?"

"Anampikia nani?" akauliza kwa Kiingereza, lugha yetu ya kukutania.

"Hakuna mtu, anti. Anapika tu."

"Nyama yote hiyo? Mama wa wapi huyo?"

"Lakini sentensi inakubalika?"

"Sentensi inakubalika. Mama ndiye hakubaliki."

Nikaongeza chagizo. Mama anapika leo. Mama anapika haraka. Kila mara alitaka kujua walaji wako wapi, na mwisho akaniambia nimchoche kidogo yule mama aongeze chumvi. Nikafunga kompyuta. Nilianza kuiona Jumatatu, mimi mbele ya darasa bila mfano hata mmoja.

Hapo simu yake ikalia. Alikuwa dada yake. Mwiko mkononi, akasema, "*Ndiphekela undwendwe.*" Nampikia mgeni. Ile *-el-* ni ndugu ya *-i-* yetu ya Kiswahili katika kupikia: mgeni hakuwa wa kuongezwa mwishoni kama chagizo, alikuwa amekwisha kuingizwa ndani ya kitenzi. Nilitaka kuuliza mgeni huyo anafika saa ngapi. Kisha nikaona sahani mbili tu mezani.

Nikala. Nilipomaliza, anti alifuta mikono, akavuta kompyuta karibu na kuzipitia sentensi zote, akatunga na nyingine zenye wageni wengi.

Jumatatu mwalimu aliuliza kwa nini katika mifano yangu kila mtu anapikiwa. Je, sikuwa na mama anayepika tu?

"Ninaye mmoja," nikasema, "lakini anti hataki kumjua."